Pakacha langu linavuja kiasi gani?

Mlangoni mwa friji yetu kuna kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: 5.0. Chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Kaka 3.75. Pole." Aliyeandika ni mdogo wangu, na amekataa katakata kukibandua, ingawa nimekwisha kumweleza mara tatu kwamba namba zote mbili, za mtihani wa kumbukumbu niliotufanyia, ni za uongo. Hakuna aliyedanganya. Mimi nilikosea kanuni tu, na kanuni hiyo ikampa yeye kichwa kikubwa kuliko alichonacho.

Chanzo cha yote ni bibi. Nimekulia kwake, Tanga, mitaa ya Ngamiani, na kazi yangu kubwa ya utotoni ilikuwa kutumwa dukani. Vitu vinne: chumvi, kiberiti, mafuta ya taa ya kipimo, majani ya chai. Nilirudi na vitatu. Siku nyingine viwili, na chenji pungufu. Bibi hakunipiga. Alikuwa akisema tu, "Kichwa chako pakacha," halafu anacheka peke yake na kumalizia: "Haya, kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi." Neno hilo nililibeba mpaka nikawa mwalimu wa hesabu. Ukinikuta ofisini nimesahau daftari la mahudhurio, nami nitakwambia vile vile, kichwa changu pakacha.

Likizo ya Juni nikajiuliza swali ambalo mwalimu wa hesabu alipaswa kujiuliza miaka ishirini kabla. Linavuja kiasi gani?

Kumbe wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Kuna aina ya kumbukumbu inayodumu sekunde chache tu, ile unayoitumia ukitazama kushoto barabarani, ukageuka kulia, na bado unajua kushoto kulikuwa na bodaboda. Wataalamu wanaiita kumbukumbu ya kazi, kwa sababu haihifadhi kitu. Inashika tu kile ambacho akili inakifanyia kazi wakati huo. Ile ya macho ina kipimo chake mashuhuri, kilichoenea baada ya Steven Luck na Edward Vogel kuchapisha utafiti wao katika jarida la Nature mwaka 1997. Ni rahisi kiasi kwamba niliiandikia programu kwa usiku mmoja.

Skrini ni ya kijivu. Ghafla miraba sita ya rangi inatokea, imetawanyika ovyo: nyekundu, njano, kijani, nyeusi, bluu, zambarau. Inakaa sehemu ya kumi ya sekunde, kufumba na kufumbua, halafu haipo. Skrini inabaki tupu kwa muda usiotimia sekunde moja. Kisha unarudi mraba mmoja tu, pale pale alipokuwa mmoja wa wale sita. Rangi yake ni ile ile, au imebadilika? Unabonyeza. Unarudia mara 80, na katika hizo, 40 rangi imebadilika kweli, 40 haijabadilika, zimechanganywa.

Yale mapumziko ya skrini tupu si mapambo. Mwaka 1960 George Sperling alionyesha kwamba macho hubaki na kivuli cha kila kitu kwa muda mfupi sana. Aliwamulikia watu herufi 12 katika mistari mitatu, kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Walipoambiwa wataje zote, walitaja kama nne na kitu. Lakini walipopigiwa mlio wa kuwaonyesha mstari mmoja mara tu baada ya herufi kuzimika, walitaja karibu mstari wote, mstari wowote ule, ingawa hawakujua mapema ni upi ungeulizwa. Zote zilikuwepo. Zilikuwa zinayeyuka wakati wanazitaja. Kwa hiyo ukitaka kupima kilichoshikwa, subiri kwanza kivuli kifutike.

Na ili mtu asijisaidie kwa kunong'ona "nyekundu, njano, kijani", unampa namba mbili azitaje kwa sauti muda wote. Kwa hiyo kwa siku mbili sebuleni kwetu kulisikika "saba tatu saba tatu saba tatu" mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeanza kusoma uradi mpya.

Matokeo ya miraba sita yalikuwa haya. Mimi, katika zile 40 zilizobadilika, nilipatia 28. Katika zile 40 ambazo hazikubadilika, mara 8 nilisema zimebadilika. Mdogo wangu alipatia 36! Lakini katika zile ambazo hazikubadilika, mara 16 naye aliona mabadiliko ambayo hayapo. Nimetafuta neno zuri la kosa hili la pili na sijaona linalolishinda "kupayuka".

Nani ana kichwa kikubwa?

Ukihesabu kupatia peke yake, yeye kanishinda mbali. Lakini mtoto wa darasa la pili anajua kwamba anayejibu "ndiyo" kwa kila swali atapatia kila jibu la "ndiyo". Inabidi uondoe bahati, na hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu.

Tuseme kati ya miraba sita umefanikiwa kubeba mitatu. Nikikuuliza mmoja, uwezekano kwamba ni katika uliyoibeba ni tatu kwa sita. Ikiwa umeubeba, unajua: umebadilika utasema umebadilika, haukubadilika utasema haukubadilika. Ikiwa hukuubeba, huna habari yoyote, unabahatisha kwa tabia yako. Mwenye wasiwasi atasema "umebadilika" mara nyingi, mtaratibu mara chache. Sasa angalia. Kupatia kwako kumechanganya ulichokijua na ulichobahatisha. Kupayuka kwako ni kubahatisha kutupu, maana ungekuwa umeubeba usingepayuka. Na kiasi cha kubahatisha ni kile kile pande zote mbili. Toa kupayuka kwenye kupatia, bahati inajifuta yenyewe, kinabaki ulichokijua. Zidisha kwa idadi ya miraba:

K = N × (P − Y)

N ni idadi ya miraba, P ni sehemu ya kupatia, Y ni sehemu ya kupayuka, na K ni mzigo uliobebwa. Kwangu: 6 × (0.7 − 0.2) = 3. Kwa mdogo wangu: 6 × (0.9 − 0.4) = 3. Sawasawa! Kichwa kimoja, tabia mbili. Kwa anayetujua nyumbani, hilo halihitaji kompyuta.

Ila usiku ule sikutumia kanuni hiyo, ambayo ni ya Nelson Cowan. Nilitumia iliyoitangulia, ya Harold Pashler ya mwaka 1988, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwanza. Inagawanya ile tofauti kwa (1 − Y). Ukifanya hivyo mimi napata 3.75 na yeye anapata 5.0, na kikaratasi kinapanda kwenye friji.

Kosa liko wapi? Kanuni ya Pashler ni ya mtihani ambamo miraba yote inarudi, si mmoja. Ikirudi yote na hakuna kilichobadilika, hata ile mitatu uliyoibeba haikusaidii kuwa na uhakika. Unaona mitatu yako iko salama, lakini huenda aliyebadilika ni mmoja wa wale usiowajua. Kwa hiyo kila jibu lako hapo ni la kubahatisha, na hesabu inabadilika. Katika mtihani wangu unarudi mraba mmoja: kama umeubeba, unajua moja kwa moja. Data ni zile zile, miraba ni ile ile, macho ni yale yale, ila dhana ya nini kinatokea ndani ya kichwa ni nyingine, na mtu anapanda kutoka 3 hadi 5. Namba haikutoka kichwani kwa mdogo wangu peke yake. Nusu ya njia ilitoka kwangu.

(Nimemwandikia hayo yote upande wa pili wa kikaratasi. Akakigeuza, 5.0 ikabaki mbele.)

Tatu au nne ndiyo namba inayorudi rudi katika mambo haya. Ile "saba" inayopendwa na watoa semina, kwamba kichwa hushika vitu saba, ilitoka kwa George Miller mwaka 1956, naye alikuwa anazungumzia vitu ambavyo mtu ana nafasi ya kuvifunga mafungu, kama tarakimu za namba ya simu. Ukizuia kufunga mafungu, Cowan alihitimisha mwaka 2001, unabaki na kama nne. Lakini aliyenifurahisha zaidi ni mchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons. Mwaka 1871, bila kompyuta wala ruzuku, alichukua maharage meusi na kikasha cheupe, akawa anarusha maharage kuelekea kwenye kikasha, yatakayoingia yaingie, na mara yanapotulia anataja idadi bila kuhesabu. Halafu ndiyo anahesabu. Alifanya hivyo mara 1,027. Yakiwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yakifika matano akaanza kukosea.

Mara 1,027, mtu mzima, anajirushia maharage. Huyo ningekaa naye barazani.

Turudi kwenye pakacha. Namba 3 ilinipa nafuu kidogo: mimi ni mtu wa kawaida. Lakini basi kwa nini mdogo wangu hasahau chumvi?

Jibu nililipata kwenye mtihani niliouona wa kitoto nikataka kuuruka, wa miraba miwili. Mwenye uwezo wa kubeba mitatu anapewa miwili. Anapaswa kupatia yote. Mdogo wangu alipatia 40 kwa 40, akapayuka mara 1. Mimi nilipatia 37, nikapayuka mara 3. Miraba miwili! Nafasi ninayo, mzigo ni mdogo, nimekosaje?

Nakumbuka mojawapo. Niliona mwanga wa simu pembeni ya jicho, nikawaza ni yule fundi wa milango ninayemdai. Miraba ikatokea ikaondoka. Mkono ukabonyeza kitu. Mimi sikuwepo.

Mwaka 2008 Jeffrey Rouder na wenzake, Cowan akiwa mmoja wao, walichapisha modeli yenye nafasi ya watu wa namna yangu. Waliongeza herufi moja: sehemu ya majaribio ambayo mtu yupo kweli. Akiwa hayupo, hakubeba tatu wala moja, anabahatisha tu. Na njia ya kuipima ni ile ile miraba michache, ambako uwezo si kikwazo. Pale, P toa Y inakupa kuwepo kwenyewe. Kwangu ni 0.925 − 0.075, yaani 0.85. Kwa mdogo wangu 1 − 0.025, yaani 0.975. Katika kila majaribio mia, mimi sipo katika kumi na tano hivi.

Bila herufi hiyo, kutokuwepo kwangu kunahesabiwa kama udogo wa kichwa. Ukiitia, 3 gawa kwa 0.85 inakuwa 3.5 kwangu, na kwa mdogo wangu 3 gawa kwa 0.975 inakuwa 3.1. Nikapiga kelele. Nafasi ninazo nyingi kuliko yeye! Ni mwenye nyumba tu hakai nyumbani.

Furaha ilidumu mpaka nilipofanya kile ninachowaambia wanafunzi wangu wafanye kabla ya kushangilia, yaani kupima ukubwa wa kosa. Kwa majaribio 80, K yangu ya 3 inayumba kiasi cha 0.6 huku na huku kwa bahati tu. Tofauti ya 3.5 na 3.1 imo ndani ya kuyumba huko. Siwezi kudai nimemshinda. Ninachoweza kudai ni kwamba kuna milango miwili tofauti ambayo chumvi inaweza kupotelea, na bibi aliitazama yote miwili kama tundu moja.

Kuna mlango wa tatu, na huu ulinigusa kuliko namba zote. Mwaka 2005 Vogel na wenzake wawili waliwaonyesha watu vijiti vyekundu viwili pamoja na vya bluu viwili, wakawaambia wakumbuke vyekundu tu. Huku wakipima umeme wa ubongo kwa vipokezi vilivyobandikwa kichwani, maana kuna ishara inayopanda kadiri unavyobeba vitu vingi. Wale wenye uwezo mkubwa, ishara yao ilikuwa kama ya mtu aliyebeba viwili. Wale wenye uwezo mdogo, ishara yao ilikuwa karibu na ya mtu aliyebeba vinne. Walikuwa wamebeba na vya bluu, visivyohitajika. Bibi alisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, nami miaka yote nilidhani ananifariji. Hawa wenye pakacha lisilovuja ndio waliokuwa wamelemewa.

Hapa ningeweza kuacha, lakini ningekuwa nimewaficha ugomvi. Si wote wanaokubali kwamba kichwani kuna nafasi za kuhesabika, kama mashimo ya bao, lenye kete lina kete na lisilo nayo ni tupu. Wengine, Paul Bays na Masud Husain miongoni mwao katika jarida la Science mwaka 2008, wanasema tunacho kitu kimoja kinachogawanywa, kama doti ya kitenge. Washonee watoto wawili, kila mmoja atapata gauni la kutosha. Washonee sita, wote watavaa, lakini mikono itaishia kwenye viwiko. Kwa maoni hayo hakuna mraba unaoachwa nje. Yote unaibeba, ila kwa ukungu zaidi na zaidi.

Kuwapatanisha, maswali ya "imebadilika au la" hayatoshi. Ndipo wakaleta duara la rangi: unaonyesha kwa kidole rangi uliyoiona ilikuwa ipi hasa, na kosa linapimwa kwa nyuzi. Weiwei Zhang na Luck, mwaka 2008, waliona makosa ya aina mbili yamechanganyika, mengine madogo yamejikusanya karibu na jibu sahihi, mengine yametapakaa duara zima kama ya mtu anayebahatisha. Wakasema, si mnaona, kuna visivyobebwa kabisa. Miaka minne baadaye Ronald van den Berg, Wei Ji Ma na wenzao wakajibu kwamba ukiruhusu ukungu ubadilike badilike kutoka jaribio hadi jaribio, mchanganyiko huo unaweza kupatikana bila nafasi zozote. Mwaka 2020 Mark Schurgin na wenzake wakaja na hoja kwamba duara lenyewe linadanganya, kwa kuwa nyuzi za rangi na tofauti ambayo macho yanaihisi si kitu kimoja. Mimi moyo wangu uko kwa kitenge, lakini nakiri kwamba ni kwa sababu nimeshawahi kuvaa shati la aina hiyo.

Wa mwisho kupimwa alikuwa mjomba. Anacheza bao tangu sijazaliwa, na nilikuwa na hakika kichwa chake kitavunja kanuni. Alifanya majaribio 20 ya miraba akasukuma kompyuta pembeni. "Rangi hizi hazina habari yoyote ndani yake," alisema. Kwa hizo 20 hakuwa tofauti na sisi.

Basi nikamfuata kwenye uwanja wake. Akiwa katikati ya mchezo na rafiki yake nilifunika bao kwa kanga, nikamwomba alipange upya kwenye bao la pili. Mashimo 32, komwe 64. Alipanga huku anazungumza habari nyingine, akakosea mashimo mawili. Kisha nikafanya kile ambacho William Chase na Herbert Simon waliwafanyia wachezaji wa sataranji mwaka 1973: nikazipanga komwe zile zile 64 ovyo, nikamwonyesha, nikafunika. Mabingwa wa sataranji, mbele ya kete zilizovurugwa, walikumbuka karibu sawa na wanaoanza. Mjomba hata hakujaribu. Alinyanyua kanga akatazama tena, akanitazama mimi.

"Hili kacheza nani? Mlevi?"

Nikamweleza kwamba ndiyo maana yake hiyo, kwamba yeye habebi mashimo 32, anabeba mafungu matatu au manne ya mchezo, na kila fungu limejaa miaka. Akasikiliza vizuri, akarudisha komwe kwenye nyumba, yaani shimo kuu, na mashimo mawili ya jirani, sita, mbili, mbili, akanipa ishirini na mbili zangu mkononi. Tukaanza. Nilikuwa namweleza habari ya Jevons na maharage yake, nikafika ya ngapi sijui, pale kwenye matano.

"Umekwisha kuliwa nyumba," alisema mjomba. "Tangu zamani. Nakungoja umalize maneno."